Kitabu Pepe Kimefunguka, Lakini Hakisomeki

“Mwalimu, kitabu kimekataa.”

Malalamiko mengi yanayofika kwenye dawati la mifumo ya maktaba huja hivyo, maneno matatu basi. Anayeyaleta anaweza kuwa mwanafunzi asiyeona, au mwenye uoni hafifu, au mwenye disleksia ambaye mistari humchanganyikia, au aliyeumia mkono na hawezi kushika kipanya. Kitabu kimelipiwa, kipo kwenye katalogi, na mwenzake wa kiti cha pembeni anakisoma bila shida. Kwake kimekataa.

Jibu tulilolizoea ni kumwambia atafute rafiki amsomee, au aende kwenye kile chumba maalumu ambacho ufunguo wake anao mtu mmoja, na mtu huyo yuko likizo. Hapo tatizo limehamishwa tu kutoka kwetu kwenda kwake. Nayaandika haya kwa mkutubi, kwa fundi wa TEHAMA wa chuo, na kwa mwanafunzi mwenyewe ambaye anataka kujua kosa liko wapi kabla ya kuondoka dawatini.

Kosa hukaa katika mojawapo ya sehemu nne: faili la kitabu, jukwaa ambako kitabu kinasomewa, leseni na kufuli lake, au mashine ya msomaji. Sisi huanza na mashine ya msomaji kwa sababu ndiyo iliyo mbele yetu, na kwa uzoefu wangu ndiyo yenye kosa mara chache kuliko zote. Ukitaka kuzitenganisha, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kompyuta ileile, jukwaa lilelile, kitabu kingine: hicho kikisomeka, lishuku faili la kile cha kwanza. Kikigoma nacho, fungua kitabu cha jukwaa jingine. Cha huko kikisomeka, lishuku jukwaa. Ikiwa hata habari ya kawaida kwenye tovuti ya gazeti haisomeki, basi sasa ndiyo ushuke kwenye mashine: sauti imezimwa, vipokea sauti vimechomoka, kivinjari ni cha zamani mno. Dakika tano zinatosha, na zinakuepusha na kusakinisha upya programu isiyo na hatia.

Huwezi kupima kitu hiki kwa macho. Dawati linahitaji kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. NVDA ni ya bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006, na inaweza kuwekwa hata kwenye flashi ikaendeshwa kutoka humo bila kusakinishwa. JAWS ni nzuri lakini inauzwa, na nimeona maktaba zikingoja bajeti yake miaka nenda miaka rudi huku NVDA ikiwa haijawekwa hata kwenye kompyuta moja. Weka NVDA kwenye kompyuta zote za ukumbi, usiifiche kwenye ile ya kona. Ongeza simu moja ya Android yenye TalkBack, kisoma skrini cha simu hizo, maana wanafunzi wengi kitabu wanakisomea kwenye simu.

“Kiko kimya,” au “Kinasema picha, picha, picha”

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo. Kisoma skrini kinataja jina la ukurasa, kinataja vitufe, kinataja namba za kurasa, kisha kikifika kwenye kitabu chenyewe kinanyamaza au kinasema kimekuta picha.

Mara nyingi ukurasa ni picha kweli. Mtu alikiweka kitabu kwenye skana, akapata PDF, akaipandisha. Jicho linaona herufi, kompyuta inaona madoa meusi kwenye weupe. Kipimo chake ni cha sekunde kumi: jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya, au bonyeza Ctrl+F utafute neno unaloliona pale pale kwenye ukurasa. Lisipopatikana, hakuna maandishi humo.

Kama faili ni letu, yaani tasnifu, mitihani ya miaka iliyopita au nukuu za mihadhara, dawa iko mikononi mwetu: OCR, kazi ya kuigeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yenyewe. Tesseract, injini ya OCR ya bure, ina data ya Kiswahili ambayo msimbo wake ni swa. OCRmyPDF huitumia injini hiyo kuweka tabaka la maandishi chini ya picha bila kuibadili sura ya ukurasa. Amri yenyewe ni mstari mmoja:

ocrmypdf -l swa+eng --deskew --rotate-pages tasnifu.pdf tasnifu-mpya.pdf

Hizo swa+eng zina maana. Ukiacha Kiingereza peke yake, programu italazimisha maneno ya Kiswahili yafanane na ya Kiingereza, na utapata matakataka tutakayoyaona hapo chini. Skani kwa nukta 300 kwa inchi. Chini ya hapo herufi ndogo za tanbihi hupotea. Na kama aliyeskani alifungua kitabu akapiga kurasa mbili kwa pamoja, zikate kwanza ziwe kurasa mbili, la sivyo mstari wa kushoto utaunganishwa na wa kulia na sentensi zitakuwa za kichawi.

Nitoke nje ya mstari kidogo, maana kuna jambo linaniuma. Hazina za kidijitali za vyuo vyetu zimejaa tasnifu ambazo zilizaliwa zikiwa na afya njema. Mwanafunzi aliiandika kwenye Word, kila herufi ikiwa herufi. Kisha akaichapa, akaipeleka kwa msimamizi asaini ukurasa wa tamko, akaijalidi, akaileta maktaba, nasi tukaiskani yote kurasa 180. Tumeua maandishi kwa ajili ya saini mbili. Mwombe mwanafunzi askani ukurasa wenye saini peke yake, kisha auunganishe na PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye Word. Na hiyo PDF aipate kwa kuhifadhi faili kama PDF, asipitie njia ya kuchapa. Njia ya kuchapa hutupa vichwa, orodha na maelezo ya picha, hubaki karatasi tupu yenye herufi. Njia ya kuhifadhi huvibeba, mradi kwenye machaguo kile kisanduku cha tagi za muundo kiwe na alama ya vema. Faida ya pili ni bando: tasnifu iliyoskaniwa inaweza kufika makumi ya megabaiti, wakati ile ya maandishi mara nyingi haizidi chache. Mwanafunzi anayesomea kwenye simu kijijini ataiona tofauti hiyo kabla hujamweleza.

Kuna sababu ya pili ya ukimya. Faili lina maandishi, ila jukwaa linauchora ukurasa kama picha ili watu wasinakili. Utaligundua hili ukipakua sura ya kitabu hichohicho: ikiwa nje inasomeka na ndani ya jukwaa iko kimya, kosa ni la jukwaa. Tafuta kwenye mipangilio ya akaunti kama kuna hali ya kusomea kwa wenye ulemavu. Baadhi ya majukwaa wanayo lakini wameizima hadi msomaji aiwashe mwenyewe, na hakuna aliyemwambia. Angalia pia kama kitabu kipo kwa namna mbili, PDF na EPUB, umbo la kitabu pepe ambalo kwa kawaida maandishi yake hujipanga kufuata skrini. Chagua EPUB.

Ya tatu ni ndogo na hupoteza muda mwingi: kisoma skrini kimesimama nje ya kisanduku ambamo kitabu kimewekwa. Kwenye NVDA bonyeza M kuruka hadi kwenye fremu, kisha kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na mshale wa chini ili isome mfululizo. Ikigoma, bonyeza NVDA na kitufe cha nafasi kubadili hali ya kuvinjari. Nimewahi kumwandikia muuzaji barua kali, halafu nikagundua tatizo lilikuwa hiyo M.

Kama mtihani ni kesho na hakuna njia nyingine, NVDA pamoja na R huisoma picha iliyo kwenye skrini kwa kutumia OCR ya Windows. Hiyo ni ya kuokoa ukurasa mmoja. Kwa kitabu kizima utamchosha mtu.

“Kinasoma, lakini ni matakataka”

Nakili aya moja uibandike kwenye Notepad. Utakachokiona hapo ndicho anachokisikia mwanafunzi.

Ukiona alama zisizo na kichwa wala miguu, fonti iliyotumika haikuwekewa ramani ya kuonyesha umbo gani ni herufi gani. Jicho halijui, maana umbo liko sawa. Hapa lazima OCR ifanywe kwa nguvu, kwa kuongeza --force-ocr kwenye amri ile, ili maandishi mabovu yatupwe na kusomwa upya kutoka kwenye sura ya ukurasa.

Ukiona “o si” badala ya “ofisi”, “ku ka” badala ya “kufika”, “a sa” badala ya “afisa”, umekutana na ugonjwa wa herufi zilizounganishwa. Wachapaji huunganisha f na i ziwe umbo moja zuri, na umbo hilo lisipotafsiriwa linadondoka. Kwa Kiingereza huharibu neno hapa na pale. Kwa Kiswahili, ambacho kina fi tele, hutoboa kila aya.

Ukiona maneno yanayokaribia ukweli, tuseme “nclii” kwa “nchi”, hiyo ni OCR ya zamani iliyofanywa kwa lugha isiyo yake. Tumia --redo-ocr na lugha sahihi.

Kama kitabu ni cha mchapishaji, usianze kukitengeneza. Mtumie aya uliyobandika, namba ya ukurasa na ISBN. Ushahidi wa namna hiyo hupata majibu upesi kuliko barua ya kurasa mbili kuhusu haki za watu wenye ulemavu.

“Kinasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege”

Idara za Kiswahili zinalijua hili. Mwanafunzi anafungua kitabu cha fasihi, na sauti inatamka “mwanangu” kwa lafudhi ya Kiingereza hadi neno halitambuliki. Walio wengi wamezoea, wamejifunza kukisikia Kiswahili kilichovunjwa. Si haki, na dawa yake ni nyepesi.

Sababu ni mojawapo ya mbili. Faili halisemi liko kwa lugha gani, au linasema uongo kwamba ni la Kiingereza. Vinginevyo faili liko sawa, lakini mashine haina sauti ya Kiswahili.

Anza na mashine. Injini ya eSpeak NG inayokuja na NVDA ina Kiswahili. Sauti yake ni kavu kama bati, lakini inatamka silabi inavyotakiwa, na wasomaji wazoefu huiendesha kwa kasi ambayo wewe na mimi hatuwezi kuifuata. Kwenye mipangilio ya usemaji ya NVDA, ruhusu kubadili lugha kiotomatiki. Anayetaka sauti ya kibinadamu zaidi ajaribu kusoma kwa sauti ndani ya kivinjari cha Edge, ambamo kuna Rehema na Daudi wa Tanzania, na Zuri na Rafiki wa Kenya. Hao huhitaji intaneti, kwa hiyo kumbuka bando.

Kisha faili. Kwenye Word, chagua maandishi yote uweke lugha ya ukaguzi kuwa Kiswahili kabla ya kuhifadhi kama PDF. Kwenye PDF iliyokwisha kutengenezwa, Acrobat ina nafasi ya lugha katika sifa za waraka. Kwenye EPUB, faili la OPF, lile linalobeba maelezo ya kitabu, liwe na dc:language yenye thamani sw, na kila sura ndani yake iwe na lang="sw". Kitabu cha isimu chenye mifano ya Kiingereza ndani ya Kiswahili kiwekewe alama kila lugha ilipo, ndipo sauti ibadilike yenyewe katikati ya aya. Kazi hiyo inachosha. Wanafunzi wa idara yenyewe wanaweza kuifanya kama zoezi.

Kuna mdudu mwingine wa Kiswahili chetu: ng’. Alama ile ya juu huandikwa kwa namna tatu au nne tofauti kwenye kompyuta, ya wima, ya kupinda kulia, ya kupinda kushoto, na mara nyingine mkwaju mdogo. Kwa macho zote ni ng’ombe. Kwa utafutaji ni maneno manne. Mwanafunzi anatafuta “ng’ambo” kwenye kitabu ambacho kimejaa “ng’ambo” na anaambiwa haipo. Kwa faili zetu wenyewe, chagua alama moja na ubadilishe zote kabla ya kupandisha.

“Kinarukaruka”

Sentensi inaanza safu ya kushoto, inaruka kulia, inaingiza jina la sura katikati, halafu namba ya ukurasa, halafu inarudi. Faili lina maandishi lakini halina mpangilio: hakuna tagi zinazosema hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kijachini kisichostahili kusomwa. Jarida la safu mbili ndilo linaloongoza kwa hili.

Kipimo: bonyeza H kwenye NVDA. Ikisema hakuna kichwa kinachofuata kwenye kitabu cha sura 14, muundo haupo, na msomaji atalazimika kukisikiliza kuanzia jalada hadi mwisho kama redio. Tagi za kiotomatiki za Acrobat husaidia kitabu cha safu moja. Kwa safu mbili zenye visanduku, ni kazi ya mikono, na mimi huona ni nafuu kuomba EPUB kuliko kuipaka PDF rangi.

“Nikikuza herufi, mstari unakimbia nje ya kioo”

Mwenye uoni hafifu anakuza hadi mara nne, na sasa kila mstari anausoma kwa kuburuta kushoto na kulia. Baada ya kurasa tatu kichwa kinauma. Ukurasa huo umefungwa umbo lake, ama ni PDF ama ni EPUB ya mpangilio usiobadilika, ile iliyotengenezwa ifanane na kitabu cha karatasi. EPUB ya kawaida hujipanga upya kila herufi inapokua.

Kwenye Adobe Reader ya kompyuta, Ctrl+4 hujaribu kuupanga ukurasa upya; hufanya kazi vizuri kwenye PDF yenye tagi, vibaya kwenye nyingine. Kwa rangi, washa mandhari ya utofauti mkubwa ya Windows kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja. Vitufe vya tovuti vikigeuka vyeusi huku ukurasa wa kitabu ukibaki mweupe pe, umejua kwamba kitabu hakifuati mipangilio ya msomaji, na hapo hakuna kitu cha kurekebisha kwenye kompyuta yake. Thorium Reader, programu ya kusomea EPUB iliyo ya bure kwa Windows, Mac na Linux, humruhusu mtu abadili fonti, nafasi kati ya mistari na rangi ya usuli. Wenye disleksia niliowaonyesha walipenda nafasi pana kati ya mistari kuliko fonti zile maalumu zinazosifiwa sana.

“Nimekipakua, lakini hakuna kitu”

Angalia ukubwa na mwisho wa jina la faili. Likiwa la kilobaiti chache na linaishia na .acsm, hicho si kitabu. Ni kama risiti ya kuchukulia mzigo: lazima lifunguliwe na Adobe Digital Editions au programu inayolielewa, ndipo kitabu chenyewe kishuke. Wanafunzi hulifungua kwenye simu, wanaona herufi za ajabu, wanaamini limeharibika.

Hapa tumefika kwenye kufuli. Kitabu kinaweza kuwa kimeandikwa vizuri kabisa, chenye vichwa na maelezo ya picha, kisha leseni ikazuia kunakili, ikaruhusu kuchapa kurasa chache tu, ikafungua kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na programu inayokifungua ikawa haielewani na kisoma skrini. Msomaji anayeona huziona hizo kama kero. Kwa asiyeona ni mlango uliofungwa, maana kupeleka maandishi kwenye programu anayoimudu ndiko kusoma kwenyewe.

Usivunje kufuli kimyakimya kwa programu za mtandaoni. Fanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwandikie mchapishaji uombe faili lisilo na kufuli: taja ISBN, toleo, namba ya ankara mliyolipia, umbo mnalotaka, na tarehe ambayo mwanafunzi anakihitaji. Usiambatanishe cheti cha daktari cha mwanafunzi. Inatosha maktaba kuthibitisha kwamba anastahili. Huku ukingoja, tafuta kwenye Bookshare, maktaba ya mtandaoni ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, na kwenye huduma ya kimataifa ya vitabu ya Accessible Books Consortium iliyo chini ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, ambako maktaba zilizojiunga hubadilishana nakala kuvuka mipaka.

Msingi wa kubadilishana huko ni Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 30, 2016. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Unaziruhusu taasisi zinazohudumia wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kutafuta faida, kutengeneza nakala inayosomeka pasipo kumwomba mwenye hakimiliki. Disleksia imo. Asiyeweza kushika kitabu kwa ulemavu wa mwili naye yumo. Viziwi hawamo, wao wanahitaji njia nyingine. Utekelezaji wake unapitia sheria ya hakimiliki ya kila nchi, kwa hiyo kaa na mwanasheria wa chuo mara moja, mkubaliane utaratibu, muuandike. Bila karatasi hiyo, kila mkutubi ataogopa kivyake na kila mwanafunzi atajibiwa kivyake.

“Siwezi hata kuingia”

Huyu hajafika kwenye kitabu. Yuko nyumbani, nje ya mtandao wa chuo, na ukurasa wa kuingilia unamtaka achague picha zenye taa za barabarani. Au ameingia, amesikiliza kwa dakika ishirini bila kugusa kitufe, na mfumo umeona hayupo ukamtoa. Au kitufe cha “Soma” kinabofyeka kwa kipanya tu.

Chomoa kipanya. Jaribu kutoka kwenye katalogi hadi ukurasa wa kwanza wa kitabu kwa Tab, Enter na mishale pekee. Utakapokwama ndipo mwanafunzi anapokwama. Sehemu kubwa ya njia hiyo, katalogi na ukurasa wa kuingilia, ni yetu wenyewe, kwa hiyo hapa hakuna muuzaji wa kumlaumu. Muda wa kikao unaongezwa kwenye mipangilio, na fumbo la picha linaondolewa kwa barua pepe moja kwa anayesimamia seva.

“Kinaruka hesabu na majedwali”

Mlinganyo ukiwa picha, sauti husema “picha” na kuendelea. Unaotakiwa ni mlinganyo ulioandikwa kwa MathML, lugha ya kuandikia hesabu kwenye kompyuta, ambao NVDA huusoma kwa msaada wa programu ya MathCAT. Kabla ya kuhangaika na mchapishaji, muulize mhadhiri: wengi wa hisabati na fizikia wanaandika nukuu zao kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi yenye hesabu, na chanzo wanacho. Programu ya Pandoc huigeuza kuwa EPUB kwa amri moja ukiongeza --mathml. Kilichoandikwa kwenye Word kina WordToEPUB ya DAISY, muungano wa kimataifa unaoshughulikia usomaji wa wasioona na wenzao, nayo ni ya bure.

Grafu na michoro ni suala la maelezo mbadala, na haya yaandikwe na anayelijua somo. “Grafu ya mstari” haimsaidii mtu. “Bei inapanda hadi Machi kisha inaporomoka” inamsaidia.

Likirudi kila muhula

Ukiona dalili ileile kwa vitabu kumi vya jukwaa moja, acha kutibu kitabu kimojakimoja. Kosa liko kwenye manunuzi. Tulinunua bila kuuliza.

Wakati wa majaribio ya bure kabla ya mkataba, mpe mwanafunzi anayetumia kisoma skrini vitabu vitano vya jukwaa hilo, na mlipe kwa muda wake kama tunavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote. Mwombe muuzaji taarifa ya upimaji dhidi ya WCAG, vigezo vya kimataifa vya tovuti kutumika na wenye ulemavu, kisha uilinganishe na alichokuta mwanafunzi. Kwa EPUB, pitisha sampuli chache kwenye Ace ya DAISY, inayokagua bila malipo. Vigezo vya kisasa ni EPUB Accessibility 1.1, vilivyopitishwa na W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti, mwaka 2023. Wauzaji wakubwa hawana tena kisingizio cha kusema hawajajiandaa: tangu Juni 28, 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inadai vitabu pepe vinavyouzwa huko visomeke na wenye ulemavu, na mara nyingi faili wanazouza Ulaya ndizo wanazotuuzia sisi. Swali hilo lina uzito zaidi likiulizwa na COTUL upande wa Tanzania au KLISC upande wa Kenya, maana miungano hiyo ya maktaba inajadili mikataba kwa niaba ya wengi. Chuo kimoja kikiuliza peke yake, hujibiwa kwa brosha.

Mnachokigundua kiandikeni kwenye katalogi. MARC, muundo wa rekodi za katalogi, ina uwanja wa 341 na wa 532 kwa kazi hii hasa, na Koha, mfumo wa kuendeshea maktaba, inaweza kuuonyesha kwa msomaji ukishaweka kiolezo. Mwanafunzi akiona “EPUB, ina vichwa, milinganyo ni picha” kabla ya kubofya, amejua aje dawatini wiki mbili kabla ya semina badala ya usiku wa kuamkia.

Na kabla ya kufunga tatizo la yeyote kati ya hawa, mwambie afungue ukurasa ule aliokuwa anautaka, akiwa kwenye mashine yake mwenyewe. Majalada na yaliyomo husomeka karibu kila mara. Aliyekuja kwako alikuwa anatafuta jedwali la ukurasa wa 212.